Michango tunaiandika, usiku hatuuandiki

Jeneza la mamangu lilipotoka mlangoni, bega langu halikulibeba zaidi ya hatua kumi. Nyuma yangu palikuwa na mtu ananigusa mgongo, nikampisha. Naye akampisha mwingine. Ndivyo tunavyozika Mombasa. Jeneza halikai kwenye bega la mtu, linapita juu ya watu kama ngalawa juu ya maji, na kila mmoja anataka hatua zake chache za thawabu. Hata mwenye duka asiyemjua marehemu huacha mizani yake, akaingia chini ya jeneza mpaka kwenye kona, kisha akarudi kazini. Kutoka msikitini hadi makaburi ya Kikowani sidhani kuna aliyehisi uzito.

Dadangu alibaki nyumbani. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, na sina ugomvi na ada hiyo. Lakini yeye ndiye aliyembeba mamangu kutoka kitandani hadi msalani, mchana na usiku, kwa miaka mitano. Asubuhi ile alikuwa miongoni mwa waliomuosha, na mama mzee aliyekuja kusimamia kuosha alipotaka kumwonyesha namna ya kuuinua mwili, akaona hana haja. Mikono ya dadangu ilijua yenyewe pa kushika. Kisha tukamchukua mamangu, tukaenda zetu wanaume watupu. Jioni tuliporudi tukakaa barazani, tukanywa kahawa chungu, tukaambiana kwamba familia imejitahidi.

Nataka kulizungumza neno hilo, kujitahidi, na namna tunavyolipima.

Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa familia. Orodha ya michango ya mazishi bado iko kwenye simu yangu. Mamangu alifariki kabla ya alfajiri, na ilipofika saa tatu usiku wa siku hiyo zilikuwa zimeingia shilingi 146,500. Kila mchango ulipoingia kwa M-Pesa niliandika jina, kiasi na alama ya tiki, nikaituma orodha upya kwenye kundi la WhatsApp la familia. Watu waliona majina ya wenzao, nao wakatuma. Binamu aliyekuwa hajasema neno kwenye kundi kwa mwaka mzima akatuma 5,000 na dua ndefu. Jina la dadangu halikuwamo. Hakuwa na cha kutuma, na hakuna aliyemdai. Lakini ukiisoma orodha ile bila kutujua, utadhani marehemu alikuwa na watoto wanne.

Kwenye simu hiyohiyo, ukipandisha juu ujumbe wa miezi ya nyuma, utakuta siku moja ya mwezi wa Shabani dadangu ameandika: “Assalam aleikum. Pampasi za mama zimekwisha na dawa ya presha imebaki ya siku mbili. Jumla 4,200.” Chini yake kuna picha za keki ya mtoto wa mtu, video ya mawaidha, na salamu za Ijumaa. Siku mbili zilipita bila jibu. Siku ya tatu amu akatuma 1,000. Mimi nilituma 1,500, nikajiona nimefanya. Siku hizo mbili za katikati dadangu alichana kanga zake kuukuu akazikunja, akazitumia.

Familia ileile, simu zilezile, mifuko ileile. Sitaki kusema kwamba watu wetu ni wanafiki. Nawajua, wanatoa, na wengi wanatoa wasichokuwa nacho. Tofauti iko kwenye namna jambo linavyotufikia. Msiba unakuja na saa yake: maiti haingoji, sanda inunuliwe, kaburi lichimbwe, mchele wa hitima upatikane. Kila mtu anajua mwanzo na mwisho, na kila mtu ataonekana ametoa au hakutoa. Ugonjwa wa miaka hauna saa. Leo ni kama jana, na anayeomba leo ni yuleyule aliyeomba jana, mpaka jina lake likitokea kwenye simu watu wanajua ni la kuomba, wanalipita. Harusi ina kadi na kamati. Mazishi yana orodha. Kuuguza hakuna karatasi yake.

Mamangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakampotea. Siku ya kwanza sote tulikuwa hospitalini. Wiki ya pili tukakaa kikao ukumbini, na kikao hicho nakikumbuka vizuri kwa sababu hakikuchukua hata nusu saa. Kaka yetu mkubwa ana familia Changamwe. Wa pili yuko Doha. Mdogo wetu wa kike ameolewa Malindi. Mimi niko Kisauni na kazi ya ofisini. Dadangu alikuwa ameachika, anaishi Likoni na mwanawe mmoja, na macho yote yakamwendea. Mmoja wetu akasema, “Wewe dada, huna linalokufunga.” Hakuna aliyelipinga neno hilo, mimi nikiwemo.

Alikuwa na linalomfunga. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku, anakanda kilo tatu za unga, anachoma mahamri na mbaazi za nazi anazitia kwenye sufuria kubwa, na kabla ya jua alikuwa karibu na feri, njiani mwa watu wanaovuka kwenda kazini kisiwani. Wale wanaovuka kivuko cha Likoni ni umati wa watu, kila siku ya Mungu, na aliyetoka nyumbani kabla ya alfajiri anahitaji kitu tumboni. Biashara ile ndiyo iliyomlipia kodi na ada ya mtoto. Aliiacha wiki ileile, karai likahamia nyumbani kwa mama, likatundikwa ukutani. Hatukuiita kazi, kwa sababu haikuwa na bosi wala barua. Nikiulizwa leo ni nani kati ya watoto watano aliyepoteza kipato kwa ajili ya mama, jibu ni mmoja, naye ndiye tuliyesema hana linalomfunga.

Si familia yetu peke yake. Kaa baraza yoyote kuanzia Mji wa Kale hadi Mtwapa, uliza nani anamuuguza mzee, utaambiwa ni binti aliyeachika, au ambaye hajaolewa, au mjane. Mwenye mume ana mume. Mwanamume ana kazi, hata akiwa hana kazi. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda wa takriban mara tano ya ule wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Ndani ya tarakimu hiyo wamo kina dada kama wangu.

Zamani mzigo huu ulikuwa na wabebaji wengi, na nadhani hapo ndipo hesabu yetu ilipochelewa. Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida ya Majengo: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele, na ua nyuma penye jiko na choo. Nyanya alipougua nikiwa mtoto, nyumba hiyo ilikuwa na mamkuu chumba cha pili, mke wa amu chumba cha nne, binamu wawili wakubwa wa kike, na mpangaji mmoja wa kike aliyekuwa kama ndugu. Nyanya alikuwa akipokewa mkono hata mkono. Mmoja akienda sokoni Marikiti, mwingine yupo. Aliyekesha jana leo analala. Hakuna aliyepanga zamu kwa sababu zamu ilikuwa ndani ya kuta zenyewe. Kizazi changu tukatawanyika: Kisauni, Bamburi, Mtwapa, Nairobi, Ghuba. Vyumba vinne kati ya sita vina wapangaji tusiojua majina ya watoto wao. Tumeondoka na mikono yetu, ila ule msemo kwamba “mgonjwa ana familia yake” tumeuacha palepale nyumbani, umemwangukia aliyebaki.

Tulichotuma badala ya mikono ni pesa, na pesa ni kitu kizuri. Kaka yetu wa Doha alilipa fizio, mazoezi ya viungo, kwa miezi minane na bila yeye mamangu asingeweza kukaa kitako tena. Lakini tazama orodha ya pesa inavyofanya kazi nyingine kimyakimya. Kaka yetu mkubwa alikuwa dereva wa lori la makontena. Mizigo ilipoanza kupelekwa kwa reli ya SGR mwaka 2018, kazi bandarini ikapungua mwaka hata mwaka, mpaka mwenye lori akaliuza. Kila nilipotuma orodha ya mwezi, mbele ya jina lake palikuwa na kistari. Miezi mitatu ya kistari, na kaka akaacha kuja. Nilimlaumu wakati ule, nikasema hana huruma. Baadaye, tuliposhakuzika, ndiyo akaniambia: “Ningekuja na nini mkononi?” Mtu mwenye siku nzima bure, mwenye nguvu za kumnyanyua mamake kwa mkono mmoja, alikaa Changamwe kwa aibu ya kistari nilichokiandika mimi. Orodha ile ilimsahau dada na ikamfukuza kaka. Nimeisoma mara nyingi na ndiyo sababu ya makala haya.

Kuna hasara nyingine ambayo huwa hatuitaji, na hii ni yetu tuliokuwa mbali. Mamangu hakuweza kulitaja jina langu baada ya kiharusi. Aliniangalia, akatafuta, akatikisa kichwa. Nilidhani lugha yote imemtoka. Siku moja ya Jumapili dadangu akaniambia nisubiri, akaketi kitandani, akaanza polepole wimbo wa vugo, zile nyimbo ambazo kina mama wetu huimba harusini. Mamangu akaupokea. Beti nzima, kwa sauti yake, maneno hayakukatika hata moja. Ukiisha wimbo, kimya tena. Madaktari wanaijua hali hii: kiharusi huweza kuharibu sehemu ya usemi na kuacha wimbo umesalimika. Dadangu aliijua kwa kukesha. Walikuwa wakiimba saa nane za usiku, wawili peke yao, baada ya kubadilishwa shuka. Alikuwa pia akimsogezea unga uliokandwa, na mamangu akinusa na kukunja uso iliki ikizidi. Nilikuja Jumapili kwa miaka mitano, saa mbili kila mara, na nimepata wimbo mmoja. Yeye ana mamia. Siku za Idi tulijaa chumba kizima na kanzu zetu mpya, watoto wakipewa mkono wa Idi, tukapiga picha, mama katikati. Dadangu hayumo kwenye hata picha moja kati ya hizo kwa sababu alikuwa uani akipakua biriani.

Sasa nyumba. Mamangu hakuacha mume. Aliacha watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili, na mirathi yetu haina fumbo: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, jumla mafungu manane. Nyumba kama nyingi za Majengo imesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, tunamlipa mwenye ardhi kila mwezi, kwa hiyo kinachorithiwa ni kuta na bati. Tulikubaliana thamani ya milioni 3.2. Wanaume 800,000 kila mmoja, dada zetu 400,000 kila mmoja. Tulikwenda kwa kadhi, ambaye Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 170 imempa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, na kila kitu kikaenda sawa.

Sina hoja dhidi ya mafungu hayo. Yamo kwenye Sura An-Nisaa, aya ya 11, na mimi ni mtu wa kuyakubali. Ninachouliza kinatoka ndani ya mafundisho hayohayo. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mwanamume anapewa mara mbili kwa sababu masurufu yako juu yake: mke, watoto, wazazi wasio na kitu. Basi kama tunakubali fungu la pili kwa hoja ya wajibu, wajibu huo ulikuwa wapi mama alipokuwa hai? Mimi nilipokea 800,000 ya mwenye jukumu la kumtunza mamangu. Aliyemtunza alipokea 400,000.

Na mirathi yenyewe haianzi na warithi. Kabla ya kugawa, zinatolewa gharama za mazishi, yanalipwa madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Wasia hauwi kwa mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Lakini deni ni deni. Kama dadangu alinunua dawa kwa pesa zake kwa makubaliano kwamba anamkopesha mama, angelipwa kwanza kabla yetu sote. Akitoa bila kusema kitu, inahesabiwa ni hisani yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, Al-Baqara 282, inaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na tusichoke kuliandika. Tumeihifadhi aya hiyo na tunaitumia kwa viwanja na magari. Kati ya ndugu kwa ndugu tunaona kuandika ni kukosa adabu, na anayeumia na adabu hiyo daima ni yule asiye na sauti ya kudai.

Mzazi akiwa hai na akili yake timamu, ipo pia njia ya hiba, kumpa mtu mali kama zawadi. Najua hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa yeye zawadi peke yake na Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Usawa ndio msingi. Wapo wanazuoni walioruhusu kumzidishia mmoja pakiwa na haja ya kweli, na hilo ni la kumuuliza sheikh wako mapema, mzazi angali anasema. Kwetu tulilifikiria mama akiwa ameshapoteza maneno.

Sheria ya nchi nayo ina pengo la ajabu kwenye jambo hili. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inasema waziwazi kwamba mchango wa mume au mke si pesa tu. Kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na serikali. Kwa hiyo mke akifua na kupika, sheria inaweza kumwona. Mzee akihitaji matunzo, sheria inamwona. Binti anayeyatoa hayo matunzo hayumo kokote. Imeandikwa “familia”, na sote tunajua neno hilo kwenye nyumba zetu lina maana ya nani. Serikali kwa upande wake ina pesa za Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, 2,000 kwa mwezi. Nazishukuru. Mgonjwa wa kulala hamalizi nazo hata pampasi.

Nilipiga hesabu ambayo nilikuwa naiogopa. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kiwango cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani mjini Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Miaka ya kabla kilikuwa chini kidogo, lakini nichukue hicho. Miezi 60 ni shilingi 966,825. Hiyo ni ya mfanyakazi mwenye siku ya mapumziko na saa za kulala. Fungu la dadangu halifikii nusu yake. Lau tungemwajiri mtu wa nje tungelazimika kulipa, na tukishindwa angetupeleka kwa chifu.

Nimeshaambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba hesabu kama hii inatia najisi. Mama hauguzwi kwa mshahara. Alichokifanya dada ni pepo yake, msimharibie. Nalisikia hilo na najua linatoka pazuri. Lakini nimeangalia ni nani anayelisema, na kila mara ni mtu ambaye hakukesha. Thawabu ya dadangu iko kwa Mola wake, hakuna anayeweza kumpunguzia hata chembe. Sisi kumuombea pepo hakufuti tunachodaiwa hapa. Tungeweza kusema vivyo hivyo kwa mchimba kaburi: ana thawabu, asilipwe. Hatusemi, tunamlipa kabla vumbi halijatua. Tena mwenye kuambiwa “pepo yako hiyo” hana pa kupeleka uchovu wake. Akilalamika, anaonekana anaitupa pepo. Dadangu aliumia mgongo mwaka wa tatu na hakumwambia mtu.

Wengine husema mwanamume hawezi kumuuguza mamake kwa sababu ya sitara. Kuoga na kubadilishwa, sawa, hayo yaachiwe wanawake wakiwepo. Lakini nguo za mgonjwa kufuliwa hakuhusu sitara. Kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili usiku asipate vidonda vya mgongo, kupika uji, kupanga foleni ya dawa, kumpeleka kliniki, kukaa macho ili mwingine alale: mwana wa kiume anaweza yote hayo. Mamangu alinigeuza ubavu nikiwa mchanga bila kuuliza mimi ni nani.

Baada ya mgao nilimpigia kaka wa Doha, tukakubaliana tutoe kwenye mafungu yetu. Likishakuwa langu ni langu, naweza kumpa nimtakaye. Kaka mkubwa hakutoa. Ana watoto wanne na hana lori, na fungu ni haki yake; sikumwambia neno na sitaki aliyesoma hapa amwambie. Nikaenda Majengo na zile pesa. Dadangu alikuwa akiosha lile karai, amelishusha ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Nashukuru, mdogo wangu. Nitanunulia friji na unga. Lakini mungalinipokea hata usiku mmoja, ningalishukuru zaidi.”

Nilikuwa nimeleta jibu la orodha. Nilikuwa nimefikiri kwamba kosa letu ni hesabu mbovu na kwamba nikiirekebisha hesabu, hata kwa kuchelewa, nimelirekebisha kosa. Yeye alikuwa anazungumzia kitu ambacho hakilipiki baadaye. Usiku uliopita umepita. Angetaka kulala kwao Likoni mara moja kwa wiki, aamke mwenyewe, asikie adhana akiwa hajakesha. Hilo tulikuwa na uwezo nalo sote wanne, pamoja na yule mwenye kistari. Hakuliomba kwenye kundi kwa sababu kundi lilikuwa la kuomba pesa.

Sasa ni mamkuu, dada wa mamangu, yule aliyekaa chumba cha pili. Sukari imemla mguu mmoja na macho yanamtoka. Yuko nyumbani kwetu, na mikutano yetu imeanza tena ukumbini. Safari hii nilikuja na karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza ni ya shilingi, kama kawaida. Ya pili ina siku saba za wiki, na kila siku ina nafasi ya jina moja la atakayelala palepale kwenye mkeka, kuanzia baada ya isha hadi asubuhi. Mpwa mmoja alicheka, akauliza kama hii ni zamu ya bawabu. Amu akasema mambo haya hayaandikwi. Palikuwa na kimya, watu wanatazama sakafu.

Kaka mkubwa ndiye aliyeichukua kalamu. Aliandika jina lake Jumamosi na Jumapili, akafikiri, akaongeza Jumatano. Mbele ya jina lake kwenye safu ya shilingi pako tupu, sikuweka kistari. Mdogo wetu wa Malindi anakuja kila mwisho wa mwezi kwa siku tatu. Ijumaa ina binamu ambaye tayari amekosa mara mbili, na nimemwambia. Jumatatu na Alhamisi ni za dadangu, kwa kutaka kwake. Siku nyingine anavuka feri kurudi Likoni, na nasikia mahamri yake yanakwisha kabla ya saa moja.

Jumanne ni yangu. Wiki iliyopita mamkuu aliamka saa tisa akitaka maji, nikampa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la mamangu, akaanza kunihadithia siku yao ya kwanza kupelekwa chuoni, wawili hao wameshikana mikono, mpaka kukapambazuka.